Matone Mia Tatu na Kumi

Kila asubuhi baba, ambaye ni dobi, alipiga pasi sare nyeupe ya binti yake kwanza, kisha nguo za wateja. Binti alikuwa akisomea uuguzi. Kwa jinsi alivyopenda kuongea, wenzake walimwita Chiriku.

Lakini wiki moja Chiriku hakuongea.

"Umemeza kufuli?" baba alimtania. Binti hakucheka.

Kwenye mtihani alikuwa amekwama kwenye swali la dripu: mgonjwa apewe matone mangapi kwa dakika? Akachungulia karatasi ya rafiki yake, msichana mrefu waliyemwita Twiga. Twiga alikuwa amekosea. Badala ya matone thelathini na moja, aliandika mia tatu na kumi. Chiriku akanakili kosa lile lile.

Mwalimu alipoona kosa moja kwenye karatasi mbili, aliwauliza nani kanakili. "Si mimi," alisema Twiga. "Si mimi," alisema Chiriku. Twiga alizoea kupata alama za chini, basi mwalimu akamwamini Chiriku. Twiga akarudishwa nyumbani. Ijumaa kikao cha chuo kingemfukuza kabisa.

Alhamisi jirani yao, mkunga, alifuata nguo zake. Akamkuta Chiriku analia, ameinamia kikapu cha nguo. Chiriku akasema yote. Baba alisahau pasi mpaka shati la mteja likaungua.

"Lakini shangazi, kila mtu anachungulia!" alimwambia mkunga.

"Na mgonjwa je? Kwa matone hayo, maji yangemjaa mapafuni." Mkunga aliketi. "Chuoni kwetu tulikuwa na ahadi ya uaminifu. Tuliiandika sisi wanafunzi. Ilisema: 'Kazi hii ni yangu. Sikunakili, wala sikumpa mtu anakili. Nikikosa, nitasema mwenyewe.' Tuliitia saini kabla ya kila mtihani, na adhabu tulizijua."

"Mtu si anasaini tu, kisha anachungulia?"

"Walikuwepo. Lakini ni vigumu kuwadanganya watu mliokaa nao pamoja mkapatana. Tena asiyejua aliandika 'sijui', akafundishwa upya. Hakuchekwa."

Baba hakuinua uso. "Mtoto wa watu yuko kwao anabeba kosa lako. Vaa viatu, mwanangu. Nitakusindikiza."

Wakaenda chuoni. Mwalimu alimsikiliza Chiriku, kisha akavua miwani. "Nami nilimhukumu Twiga kwa alama zake," alisema taratibu.

Twiga alirudishwa. Chiriku alisimamishwa wiki sita. Kabla ya kuondoka aliomba kusimama mbele ya darasa. Alikiri, akawaeleza kuhusu ahadi. Wengine walimzomea. Walibishana siku mbili, lakini mwishowe waliiandika wenyewe, na wote wakaitia saini.

Chiriku aliporudi, hakuna aliyemwita kwa jina lake la utani. Twiga alihama dawati.

Ulipofika mtihani, walisoma ahadi kwa sauti. Mwalimu akatoka nje. Hakuna shingo iliyogeuka. Chiriku aliandika "sijui" mara mbili. Alipata alama hamsini na mbili, zote zake.

Jioni ile mwalimu aliwafundisha walioandika "sijui". Walikuwa tisa, na Twiga alikuwa mmoja wao. Kiti kilichobaki kilikuwa kando yake. Chiriku akaketi, akainamia daftari.

Akaanza kukokotoa matone. Kisha kidole kirefu kikagusa ukurasa wake.

"Hapa umegawanya vibaya," alisema Twiga. "Anza tena. Nakusubiri."