Nilisikia Nikihojiwa Redioni, na Sauti Haikuwa Yangu

Nilikuwa juu ya ngazi, brashi mkononi, nikiandika jina la duka la vipuri, niliposikia nikihojiwa redioni.

Someni tena taratibu. Mimi niko juu ya ngazi. Na mimi niko redioni.

"Wasikilizaji, leo ni kumbukumbu ya siku jengo la soko lilipoanguka na nchi nzima ikalia," mtangazaji alisema. "Tunaye kwenye simu kijana aliyetolewa wa mwisho akiwa hai. Wengi mnamfahamu kama Rangi. Rangi, karibu."

"Asante, ndugu mtangazaji."

Brashi ikanichepuka. Herufi ikaota mkia.

Rangi ni mimi. Fundi wa kuandika mabango, uliza mtaa mzima watakuonyesha. Na ile sauti ilikuwa ya kaka yangu... wa tumbo moja.

Siku jengo linaanguka, kaka alikuwa karakana kwake anapigilia misumari kwenye masofa ya watu. Aliyekuwa chini ya zege ni mimi. Nilikwenda kupaka rangi ngazi za ghorofa ya kwanza, nikaishia chini yake.

Mwenye duka akatoa kichwa mlangoni.

"Rangi, si wewe huyo unaongea?"

"Subiri kidogo, mzee wangu."

"Yaani nakulipa uniandikie bango, halafu mdomo umeupeleka redioni?"

Nilikuwa nasikiliza maisha yangu.

Kaka alisimulia vumbi. Akasimulia giza, na maji yaliyokuwa yanadondoka mahali fulani tusipopafikia. Akamtaja fundi umeme aliyebanwa pembeni yangu. Yote kweli tupu. Na hapo ndipo damu iliponichemka, kwa sababu mambo hayo sijawahi kumsimulia mtu.

Kila mwaka redio wanapiga. Kila mwaka nawapa maneno yale yale. Kulikuwa na giza, nilimwomba Mungu, nashukuru niko hai. Basi. Wanaridhika, wanapiga wimbo wa maombolezo, tunaagana.

Sasa kaka alijuaje habari ya maji?

Kabla sijapata jibu, mwanamke akapiga simu kipindini.

"Mimi ni mke wa huyo fundi umeme," alisema. "Miaka yote sijapata wa kumuuliza. Mdogo wangu, mume wangu aliteseka? Alisema neno lolote?"

Nilimsikia kaka akimeza mate, nchi nzima inasikiliza.

"Hapana, dada. Alilala tu. Hakusema kitu."

"Hakusema kitu?"

"Hakusema kitu."

"Haya..."

Ndugu zangu, ile "haya" ilinishusha ngazi. Simu yangu nilikuwa nimeiacha karakana kwa kaka ipate chaji. Kumbe alikuwa ameipokea, akavaa jina langu, akachukua siku yangu mbaya kuliko zote akaisimulia kama ya kwake. Halafu akaifunga midomo ya mtu ambaye mimi nilimsikia akiongea mpaka masikio yakachoka.

Nina kiburi, sikatai. Nimesoma kidogo, lakini kupanga vina nimejifundisha mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima, na sijawahi kuweka jina langu chini ya ubeti wa mtu. Niliapa kwamba siku ile nitaitungia shairi mimi, kwa mkono wangu. Kila mwaka nakaa, nashika kalamu. Beti zinakwenda vizuri hadi pale giza linapoingia, zinagoma kama punda. Lakini zilikuwa zangu. Nigomewe mimi, si kaka.

Nilimkuta karakana kwake amepiga magoti mbele ya kochi la watu watatu, misumari imejaa midomoni, nyundo inagonga.

"Umeniibia," nikasema.

"Punguza sauti," akajibu kwa pembe ya mdomo. "Kuna wateja."

"Wateja gani? Hapa kuna wewe na masofa."

"Nimewaambia wenye haya masofa kwamba hapa pana utulivu."

"Kaka, sina utani leo. Nani alikupa habari za yule fundi?"

Akatema misumari kiganjani. Hakuwa na haraka. Alikuwa na macho mekundu, na nikagundua kwamba macho hayo nimeyazoea hivi kwamba nilidhani ndiyo rangi yake.

"Wewe," akasema.

"Lini?"

"Ukilala."

Nikacheka kwa dharau. Yeye hakucheka.

"Chumba kimoja tunalala, mdogo wangu. Redio wakikupigia tu, wiki nzima mimi silali. Unasema maji yako wapi. Unamwita fundi, unamwambia aache. Halafu unacheka."

"Nacheka?"

"Unacheka. Kulia ningevumilia. Mtu akilia nampapasa mgongo, ananyamaza. Sasa mtu anayecheka huku amelala, machozi yanamwagika mpaka kwenye mto, nimpapase wapi?"

Nikaitazama rangi iliyokauka viganjani mwangu.

"Leo simu ikaita hapa," akaendelea. "Nikasema, acha niongee mimi. Wewe ulale mwaka mmoja. Na mimi nilale. Unasema nimeiba siku yako. Kweli, siku ile sikuwepo. Lakini usiku hata mmoja sijakosa."

Hasira ni kitu cha ajabu. Nilitembea nayo mtaa mzima imenijaa kifua, pale ikaniishia kama betri. Nikakaa kwenye kochi ambalo halijawekwa sponji, springi zikanichoma, nikaziacha zinichome.

"Na yule dada? Kwa nini ulimwambia mumewe hakusema kitu?"

"Ningemwambia nini? Nilichonacho ni kicheko chako cha usingizini. Nilidhani mlirukwa na akili mle ndani. Mke wa mtu huwezi kumpa habari hiyo."

Akaokota nyundo, akaiweka tena chini.

"Kuna jingine. Baada ya kipindi yule dada aliomba namba redioni, akapiga kwenye simu yako. Ameomba aje. Nikamwelekeza."

"Umemwelekeza wapi?"

"Hapa. Nilishindwa kumkatalia."

Hata hatujamaliza kulaumiana, mwanamke akasimama mlangoni. Mtu mzima, mkoba begani, viatu vimejaa vumbi la kutembea. Tukamwamkia. Akaitikia, akamtazama kaka.

"Wewe ndiye Rangi?"

Kaka akafungua mdomo. Yule mama akatazama mikono ya kaka, safi, ina gundi tu. Akatazama ya kwangu, bluu mpaka kwenye viwiko.

"Mbona rangi iko kwa huyu?"

"Nisamehe, dada," kaka akasema. "Rangi ni mdogo wangu. Redioni nilikuwa mimi."

"Mna kazi nyinyi." Akavuta kiti ambacho mgongo wake ulikuwa bado haujavikwa kitambaa, akaketi bila kukaribishwa. "Nilijua kuna uongo. Nilichokuwa sijui ni uongo wa nani."

"Ulijuaje?"

"Nimechoka, wadogo zangu. Kila mwaka bendera nusu mlingoti, hotuba, maua. Wananiambia mume wangu ni shujaa wa taifa. Yule hakuwa shujaa, alikuwa mbishi. Aliongea akila, aliongea akipiga mswaki. Leo naambiwa alilala asiseme kitu? Nikajua ama mnanidanganya, ama miaka yote nimemzika mume wa mtu mwingine."

Kaka akainamisha kichwa. Yule mama akanigeukia mimi.

"Sema wewe. Lolote lile, nimekwisha jiandaa."

Ndugu msomaji, hapo nikaogopa kuliko nilivyoogopa chini ya zege.

Kwa sababu ukweli wangu haukuwa wa kutisha. Ukweli wangu ulikuwa wa aibu. Watu wote wana jibu zuri la walikuwa wapi siku ile. Mmoja alikuwa kanisani, mwingine msikitini, mwingine alikuwa njiani akaegesha gari akalia. Mimi nitamwambiaje mjane kwamba nchi nzima ilipokuwa inalia, mimi na mumewe tulikuwa tunacheka?

Nikasema hivyo hivyo.

"Tulikuwa tunacheka, dada."

Hakutikisika. "Endelea."

"Vumbi lilipotulia, neno lake la kwanza lilikuwa, 'Kijana, usiguse waya wowote, unaweza kufa.' Ghorofa nzima iko juu yetu. Nikacheka mbavu zikaniuma, nikamwambia acha. Hakuacha. Akasema zege lile limekorogwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda harusini. Akasema waokoaji wakichelewa atawakata mshahara."

Kaka alikuwa ameshika msumari mmoja, anautazama kama hajawahi kuona msumari.

"Akakutaja na wewe."

"Alisema nini?"

"Alisema, mke wangu ataniua. Nyumba ya fundi umeme, choo hakina taa. Mwaka wa pili huu nasema kesho. Sasa hata kufa nakufa sijaweka balbu, yule mama atanifuata kaburini na ngazi."

Mwanamke akafunika mdomo kwa mkono.

Nilitaka kuishia hapo. Kila mwaka ningeishia hapo. Lakini midomo ilikuwa imekwisha fungua njia.

"Baadaye tukasikia wanagonga juu. Nikamwita, fundi, wamefika. Akanyamaza. Mimi nikajua ananitania, dada. Nikamsubiri aseme la kuchekesha. Nilikuwa nimeshaanza kucheka kabla hajasema... Mpaka wananivuta kwa kamba, mimi bado namsubiri."

Nje mtu alikuwa anajaza upepo tairi la baiskeli, shu, shu, shu.

Mabega ya yule mama yakaanza kutikisika. Kaka akainuka kutafuta kitambaa, akamletea kipande cha kufunikia sofa, kipya, cha mteja. Alipoondoa mkono usoni tukaona anacheka. Machozi yanashuka, na anacheka.

"Mpaka leo hakina taa," akasema.

"Choo?"

"Choo. Alinikataza kumwita fundi mwingine. Alisema, watu watanicheka, fundi mwenzangu anitundikie balbu kwangu?"

"Dada, tutakuja sisi," kaka akasema haraka, kama mtu aliyepata pa kulipia dhambi. "Kesho asubuhi. Hata waya tutanunua wenyewe."

"Thubutu."

Akajifuta uso kwa kile kitambaa cha mteja, akakikunja vizuri, akakiweka kwenye mkoba wake, na hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumdai.

"Kila jioni nikiingia mle gizani namsema," akasema. "Nikijikwaa namsema. Mkiniwekea taa, nitasema na nani?"

Akaaga, akaondoka.

Nami nawaambia nyinyi mliosoma mpaka hapa. Aliyefiwa akikuuliza habari za mtu wake, usimpe maneno laini. Hayo kashapewa na kila mtu, mpaka kwenye hotuba. Mpe mtu wake, na ubishi wake, na utani wake, na madeni yake ya kesho. Na kama ndugu yako anaongea akilala, siku moja mwambie akae, aongee akiwa macho.

Redio wakinipigia mwakani, nitapokea mwenyewe. Nitawaambia tulicheka. Wakikata simu, wakate.