Mbao Ndefu, Fundi Mmoja

Mayunga ni seremala wa Somanda, mjini Bariadi. Majirani wanamwita baba Kabula. Kila asubuhi hufagia karakana, hunywa uji, kisha hufunga vifaa kwenye baiskeli na kwenda kazini.

Zamani walikwenda wawili. Mkewe, Nyanjige, ndiye aliyemshikia mbao upande wa pili. Mafundi wenzake walimtania kwamba hakuoa mke, alioa msaidizi. Yeye aliwajibu kwamba wana wivu. Walifanya kazi hivyo miaka ishirini na mbili. Mwaka jana Nyanjige alifariki.

Watu walimshauri atafute msaidizi mwingine. Alikataa. Hakuwa na sababu ya maana, ila hakutaka kuona mtu mwingine amesimama upande ule.

Binti yake, Kabula, anaishi Maswa. Kila Jumapili alipiga simu.

"Baba, funga karakana uje huku. Chumba kipo."

"Nitafikiri, mwanangu."

Ukweli ni kwamba aliogopa. Huko Maswa angekuwa mzee wa kukaa kivulini na kusubiri chakula. Lakini kama kazi ingemshinda, angeishi kwa nini Somanda?

Mwezi wa sita alipata kazi kwa Benedikta, muuguzi mstaafu. Kuta za sebule yake zina vigae laini hadi usawa wa kifua. Benedikta alitaka mbao nyembamba za urembo zizunguke sebule yote, kwenye vigae vya juu kabisa. Kila mbao ilikuwa na urefu wa mita tatu. Misumari haifai hapo, kwa sababu kigae hupasuka. Mbao hubandikwa kwa gundi, na gundi ile ilitaka saa nzima ndipo ishike.

Mayunga aliposukuma upande wa kulia, wa kushoto ulishuka. Akaegemeza mti wenye panda. Mti uliteleza, mbao ikaanguka na kupasua kigae kimoja. Siku ya pili ikaanguka tena.

Benedikta hakugomba. Alisema kwa upole, na upole huo ulimuuma zaidi.

"Baba Kabula, nakuheshimu. Lakini kama kazi imekuwa nzito, niambie nitafute wengine."

"Nipe hadi Ijumaa, mama," alisema Mayunga.

Asubuhi iliyofuata alikuwa amekaa tu mlangoni mwa karakana. Jirani yake Violeth, fundi wa vioo na alumini, alikuwa anafungua duka lake.

"Mwangaluka, baba Kabula," alimsalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu," Mayunga alimwitikia mama huyo.

"Mhola?"

Siku zote Mayunga hujibu kwamba ni mhola, ni shwari. Siku hiyo alisema, "Si mhola, mayu. Mbao zinanishinda." Akamweleza yote.

Violeth akaingia ndani, akatoka na vifaa viwili. Kila kimoja kilikuwa na sahani ya mpira, wenzo wa kukunja, na mkono wa chuma wenye skrubu mwishoni.

"Hizi ni klempu za kunyonya," alisema. "Unagandamiza mpira kwenye kigae, unakunja wenzo. Hewa inatoka, mpira unang'ang'ania. Huu mkono unapita juu ya mbao. Unakaza skrubu taratibu hadi ibane mbao ukutani. Weka moja kila upande, basi."

"Na wewe utafanyia nini kazi?"

"Wiki hii nakata vioo tu. Chukua."

Mayunga alishukuru sana. Akaona si adabu kutumia kifaa cha mtu bila kukitunza kwanza. Kwao, kamba za ngozi za kufungia nira ya ng'ombe hupakwa samli ili zisikauke. Basi naye akaipaka ile mipira samli hadi ikang'aa.

Kwa Benedikta, klempu ya kwanza iliteleza kabla hajaweka mbao. Ya pili ilishika kidogo, ikaanguka na kumpiga mguuni. Alirudi akichechemea.

Violeth alipitisha kidole kwenye mpira, akanusa. Alitaka kucheka, akajizuia.

"Baba, umeipaka samli?"

"Niliitunza."

"Ngozi inapenda mafuta. Mpira huu hapana. Ukiwa na mafuta, maji au vumbi, unateleza."

Wakaiosha kwa maji ya sabuni, wakaisuuza na kuikausha vizuri.

"Futa kigae pia," Violeth aliendelea. "Weka mpira katikati ya kigae, usikanyage kiungio cha vigae, hewa itaingia. Kwenye ukuta wa lipu yenye mchanga usijaribu, haishiki. Ukishakunja wenzo, vuta klempu kwa mkono uone kama imeshika. Na usiende mbali ukaisahau. Hewa hurudi polepole."

Alhamisi Mayunga alifanya vile vile alivyoelekezwa. Alifuta vigae. Alibana klempu mbili, akazivuta, hazikusogea. Akapaka mbao gundi, akaiweka kwenye mstari, akakaza skrubu ya kulia, kisha ya kushoto.

Akaachia mkono mmoja. Akaachia wa pili. Mbao ikabaki ukutani.

Akarudi nyuma hadi mlangoni kuitazama. Ilikuwa imenyooka.

"Hapo hapo, mama Kabula, usiachie," alijikuta akisema.

Mayunga akakaa juu ya ndoo ya rangi, akalia kwa muda. Hakuwa amelia hivyo tangu msibani. Kisha akanawa uso, akaenda kuvuta klempu moja moja. Zote zilikuwa zimeshika. Akampigia simu binti yake.

"Kabula, hicho chumba mpe mtu mwingine."

"Umepata msaidizi, baba?"

"Hapana. Niko peke yangu."

Kabula akauliza, "Na mbao je, anakushikia nani?"

"Zinashikika," alisema Mayunga. "Bado mbao tano. Acha nikate simu, gundi isije ikakauka mkebeni."