Damu ya Mama Haipandi

Kila asubuhi, kabla jua halijachungulia mtaa wa Buyenzi, Lubna alikuwa amekwisha kuwasha makaa. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na katika avenyu, kama walivyoiita barabara yao, hakuna aliyemshinda kwa kupika chai. Majani aliyatia bila ubahili, akaiacha ichemke na tangawizi mpaka ikawa nyeusi ti. Baba yake, Shakuru, aliyekuwa fundi wa magari, alizoea kusema kwamba chai hiyo ingeweza kuwasha hata injini iliyokufa. Lubna alijifanya hasikii, lakini kichwa kilimvimba.

Miaka hiyo ilikuwa ya vita, na nchi za jirani zilikuwa zimefunga biashara na Burundi. Watu waliiita hali hiyo blokusi. Sukari iliadimika dukani, na ile kidogo iliyopatikana Lubna hakuigusa. Yeye alikunywa chai chungu, akakunja uso, kisha sukari yote akaikoroga katika glasi ya mama yake, Mwanne.

Mama Mwanne alikuwa mjamzito. Siku hizo alichoka upesi. Akifagia ua, alisimama katikati na kushika ukuta ili apumue. Viganja vyake vilikuwa vimepauka, na Lubna hakupenda kabisa kuvitazama.

Siku moja walikwenda pamoja kwenye kituo cha afya cha mtaa. Mkunga, Mama Ernestine, alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kupita ukuta na moyo laini kuliko sauti yake. Alimvuta Mwanne kope la chini, akamchoma kidole, akalilinganisha tone la damu na rangi za karatasi yake. Akatikisa kichwa.

"Mwanne, damu yako iko kidogo," alisema. "Na mwanamuke akizaa anapoteza damu. Hapa hatuna damu ya kuongeza mutu. Iko kwenye hopitali kubwa tu, na we unajua siku hizi barabara zinavyofungwa. Lazima damu ipande kabla ya mutoto kuja."

Akampa kikopo cha vidonge vyekundu. Alieleza kwamba vilikuwa na madini ya chuma pamoja na vitamini, na kwamba mwili huvitumia kutengeneza damu. Kimoja kila siku, bila kuruka. Nje foleni ilikuwa ndefu, watoto wakilia, kwa hiyo maelezo yaliishia hapo.

"Mi nitamupa mwenyewe," alisema Lubna, akakipokea kikopo kwa mikono miwili.

"Vizuri. Basi we ndiye muganga wa nyumba," alijibu Mama Ernestine.

Tangu siku hiyo Lubna hakuwa na mzaha. Asubuhi alipanga sinia: kidonge juu ya kisahani, na glasi ya chai moto pembeni. Vidonge hivyo vilinuka kama msumari wenye kutu, na Mama alisema kwamba bila chai ya mwanawe visingepita kooni. Lubna alisimama palepale mpaka akaona kidonge kimemezwa. Hata askari wa zamu angejifunza kwake.

Mtu mmoja tu nyumbani hakuvipenda vidonge hivyo. Alikuwa Bibi Khadidja, mama yake Baba.

"Sisi tulizaa bila hivyo vitu," alinung'unika. "Wanasema vinakuza kichwa cha mutoto, halafu kinashindwa kutoka. Mi siviamini."

"Bibi, muganga ndiye amevitoa," alisema Lubna.

"Nimesikia. Nimesema tu siviamini."

Mwezi ulipopita, walirudi kituoni. Lubna alivaa gauni lake la Idi, maana alikuwa na hakika ya kusifiwa. Mama Ernestine akachoma kidole, akaitazama karatasi, akaitazama tena karibu na dirisha.

"Haikupanda," alisema. Kisha akamkazia macho Mwanne. "Sema kweli, mama. Unavitupa?"

"Wallahi, sijatupa hata kimoja," alijibu Mwanne, na machozi yakamlengalenga. "Muulize mutoto wangu."

"Ninamuona akimeza kila siku!" alisema Lubna.

Mama Ernestine alitoa kikopo kingine, akasema atapita nyumbani kwao mwenyewe ili aone wanavyoishi. Njiani Lubna aliandamwa na hofu. Kama damu ya Mama itabaki ileile, na uchungu uje siku ambayo barabara imefungwa, itakuwaje?

Hofu ikikosa pa kwenda hutafuta mtu wa kumlaumu, na Lubna hakutafuta mbali. Nani alivichukia vidonge? Nani alibaki nyumbani na kikopo yeye alipokuwa shuleni? Alipofika tu aliingia chumbani kwa Bibi, akaanza kupekua chini ya mto na ndani ya kikapu cha nguo. Bibi Khadidja alikuwa ametoka kutawadha, akamkuta humo.

"Unatafuta nini, mujukuu wangu?"

"Vidonge vya Mama," alijibu Lubna. "Vile vya kweli. Bibi amevibadilisha! Bibi hataki Mama avinywe!"

Bibi Khadidja hakufoka. Ingekuwa afadhali angefoka. Alikaa kitandani polepole, akaufunika uso kwa ncha ya mtandio wake.

"Mimi?" alisema mwishowe. "Mama yako nilimupokea humu ndani kama binti yangu. Mi naweza kusema mengi kwa mudomo, lakini mukono wangu haujagusa dawa yake. Apana, Lubna. Apana."

Lubna alitoka bila kuomba radhi. Siku mbili nyumba ile ilikuwa nzito. Bibi alikula peke yake, na Baba alimtazama binti yake kwa huzuni iliyouma kuliko kiboko. Baba alimwambia aombe msamaha, lakini Lubna aliona kwamba haki ilikuwa upande wake.

Jumamosi asubuhi Mama Ernestine alibisha hodi. Bibi Khadidja alimkaribisha vizuri, akampa kiti cha heshima na kumtakia amani.

"Karibu. Amahoro, muganga."

"Amahoro, mama. Leo nimekuja kuangalia tu. Lubna, fanya vile unavyofanya siku zote. Usibadilishe kitu."

Lubna alipanga sinia kwa madaha, kwa kuwa sasa Bibi, mshtakiwa wake, angeumbuka mbele ya shahidi. Kidonge juu ya kisahani. Glasi ya chai nyeusi, mvuke ukipanda. Mama alipokuwa akinyoosha mkono, Mama Ernestine akasema, "Simama hapo!"

Wote wakashtuka.

"Hiyo chai, anainywa na kidonge kila siku?"

"Kila siku," alisema Lubna kwa fahari. "Mi mwenyewe ninaipika. Nzito, ili imupe nguvu."

Mama Ernestine aliinusa glasi, akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka alipouona uso wa mtoto.

"Kaa hapa karibu yangu," alisema. "Chai ni nzuri, na yako ni nzuri kuliko yote niliyonusa. Lakini chai na chuma havipatani tumboni. Chai inakishika kile chuma, kinapita tu na kutoka nje, hakiingii kwenye damu. Na ikiwa nzito namna hii ndiyo mbaya zaidi. Mama yako alikuwa anameza dawa, na chai inaizuia."

Lubna aliitazama mikono yake. Kumbe hakukuwa na mwizi. Aliyekuwa akimnyima mama yake damu alikuwa yeye mwenyewe, kwa mapenzi yake yote na sukari yake yote. Alilia kwa kwikwi, na Mama akamvuta akamkumbatia.

"Usimulaumu mutoto peke yake," alisema Mama Ernestine. "Hata mimi nina kosa. Siku ile watu walikuwa wengi, sikueleza kidonge kinavyonywewa. Na ninyi hamukuuliza."

Lubna alijipangusa uso. Alikwenda mpaka alipokuwa ameketi Bibi, akapiga magoti.

"Bibi, nisamehe. Nilikusingizia."

"Nyani haoni kundule," alisema Bibi Khadidja, akijikaza asitabasamu. Lakini mkono wake ulikuwa umeshatua juu ya kichwa cha mjukuu. "Nimekusamehe zamani. Nilikuwa ninangoja tu uje."

Baada ya hapo mambo yalibadilika. Kidonge kilinywewa kwa maji na juisi ya marakuja, kwa sababu Mama Ernestine alisema matunda machachu hukisaidia chuma kuingia mwilini. Chai ilisubiri mpaka saa kadhaa zipite. Bibi, ambaye alikuwa bado anaguna, ndiye aliyepika mboga za lengalenga na samaki wadogo wa ndagala karibu kila siku, akimsimamia mkamwana wake mpaka sahani ing'ae. Viganja vya Mama vilianza kurudisha rangi. Walipopima tena, damu ilikuwa imepanda, na safari hii Mama Ernestine alipiga kigelegele mpaka wagonjwa wa foleni wakachungulia.

Haikupita muda mrefu. Adhuhuri moja risasi zilisikika upande wa mtaa wa Kinama, na wanajeshi wakafunga barabara ya kwenda hospitali kubwa. Saa hiyohiyo Mama Mwanne akashikwa na uchungu. Baba na Bibi walimshika huku na huku, wakatembea naye mpaka kituo cha mtaa. Lubna alibeba nguo za mtoto, akimwomba Mungu kila hatua.

Walingoja nje, Lubna amejibanza ubavuni mwa Bibi. Alasiri ilikuwa imeingia mlango ulipofunguliwa. Mama Ernestine alitoka na kichanga kilichofungwa kitenge, jasho likimtiririka.

"Ni wa kike. Mama yake yuko salama," alisema. Akamtazama Lubna. "Amepoteza damu nyingi, mwanangu. Angekuja na ile damu ya zamani, leo tungelia hapa. Amekuwa nayo ya kutosha. Basi kumbuka: dawa ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni kujua inavyotumiwa. Usichokijua, uliza. Na jambo likiharibika, tazama kwanza mukono wako kabla ya kunyoosha kidole kwa mwenzako."

"Ndiyo, Mama," alijibu Lubna.

Mama Ernestine akamweka mtoto mikononi mwa Lubna. Alikuwa mwepesi, wa moto, na tayari alikuwa akitafuta ziwa kwa mdomo wazi. Lubna alipiga hatua kuelekea mlangoni, kisha akasimama na kugeuka.

"Mama Ernestine," aliuliza, "anyonye sasa hivi, ama angoje kwanza?"

Mkunga akacheka kwa sauti yake yote.

"Sasa hivi, Lubna! Mupeleke kwa mama yake."