Dakika Kumi na Mbili za Bedan

Jumapili, saa tatu na nusu asubuhi. Kiuu, Ruiru.

Mwenye duka la kinyozi alikuwa kanisani. Chumba chake cha nyuma kilinuka spiriti na nywele za watu. Gachau, mkubwa wa genge, alikalia ndoo akichezea bastola. Alikuwa mtu wa kukuchekea huku mkono wake umo mfukoni mwako.

"Rudia," alisema. "Polepole."

Bedan alivuta pumzi. "Stoo ya dawa huko Thika iko na mashine mbili. Mama ni chuma, unaeza mpiga teke. Mtoto anaishi ndani ya mama, ni programu tupu, na ndiye anashika kamera na milango. Wanaongea kupitia programu ingine ndogo. Inaitwa dereva, lakini haiendeshi gari. Mimi ndio niliiandika, kabla wanifute kazi."

"Na ukiikata?"

"Mama hamsikii mtoto tena. Anangoja dakika kumi na mbili. Hizo zote, mtoto ananitii mimi. Zikiisha, mama anafunga kila mlango mpaka dereva irudishwe, ama fundi aje Jumatatu."

Mwas, mdogo wake Bedan, alikuwa amevaa fulana tu. Bedan ndiye aliyemleta, maana katika genge lile hakumwamini mwingine.

"Nikikwama kwa friza tutaongea, bro?"

"Kamera ziko na maiki. Nitakusikia. Wewe hutanisikia, sikuiandika ikirudisha sauti."

"Kumi na mbili?"

"Kumi na mbili."

Mwas akacheka, akamfuata Wakonyo, mwanamke aliyeendesha pikapu yao.

Saa nne na dakika kumi.

Bedan alikata. Kwenye laptop, taa za milango zikawa kijani. Boksi zikaanza kutoka.

Saa nne na robo.

Fundi hawezi kupita karibu na kazi yake bila kuitazama. Bedan alifungua maandishi ya dereva wake, kwa majivuno tu. Daksha, mwenzake wa zamani, alikuwa ameyagusa. Siku zote alilalamika kwamba dakika kumi na mbili ni nyingi mno. Sasa zilikuwa saba.

"Watoe! Zimebaki mbili!"

Gachau alimpigia Wakonyo, ambaye ndiye pekee kule aliyekuwa na simu. "Mzigo uko nje?"

"Bado boksi mbili. Mwas anazitoa kwa friza."

"Achana naye. Ng'oa gari."

"Gachau, huyo ni ndugu yangu!"

"Na huo ni mzigo wangu."

Saa nne na dakika kumi na saba.

Taa zote zikawa nyekundu. Pikapu ilikuwa imeshaondoka. Mwas alipiga mlango wa friza kwa mateke, kisha kwa boksi, kisha kwa mikono mitupu. Humo baridi ilikuwa nyuzi ishirini chini ya sifuri.

"Nikiunganisha dereva, mlango unafunguka," Bedan alisema.

"Na rekodi?"

"Sijafuta. Zote zitamwagikia mama, na yeye huita polisi. Nyuso, namba ya gari, jina langu."

"Kufuta ni muda gani?"

"Masaa mawili."

Bastola ikainuka. "Basi anza kufuta."

Bedan aliogopa, tusidanganyane. Lakini huyo kwenye skrini alikuwa ameanza kuchuchumaa, mikono kwapani, jinsi alivyolala utotoni blanketi lilipokuwa moja. Bedan akabonyeza.

Risasi ilimpata ubavuni. Gachau akatoka mbio, akauacha mlango wazi.

Saa nne na dakika ishirini na sita.

Bedan alilala sakafuni, juu ya nywele za watu asiowajua, uso kwenye laptop. Taa ilikuwa kijani. Mwas alitambaa hadi kwenye ujia, midomo imepauka. Ving'ora vilisikika, na havikuwa mbali naye. Akainua macho kwenye kamera.

"Kumi na mbili, Bedan." Meno yalimgongana. "Uliniambia kumi na mbili. Umeniuza."

Bedan akamjibu. Alimweleza yote, tangu Daksha hadi risasi, akarudia tena na tena mpaka pumzi ikamwishia.