Jina Asilolitaja Mkwe

Jioni hiyo ukungu uliteremka mapema kutoka msitu wa Magamba, na Raheli alikuwa amebakiwa na mambo mawili tu kabla ya kupanda nyumbani: kununua mafuta ya taa, na kumtoa mwanawe Yunis kwenye banda la gemu la shemeji yake, Zabron.

Mafuta aliyapata. Tenga la mapeasi yaliyokosa mnunuzi lilikuwa kichwani, shingo inamuuma, viatu vimeloa. Hakuwa na hamu ya kumwona Zabron. Hakuna siku aliyowahi kuwa na hamu hiyo.

Zabron alikuwa mdogo wa mumewe, mtu wa kujua kila kitu isipokuwa kulima. Ruksa ya biashara ilipokuja, wenzake walileta mbegu za karoti, mitumba na baiskeli. Yeye alishuka Tanga akarudi na televisheni na mashine ya gemu, akaviweka kwenye ghala la ushirika uliokufa, nyuma ya stendi, akatundika pazia jeusi mlangoni. Pale palipokuwa pakipimwa kahawa, sasa watoto walibanana kwenye mabenchi wakiua majitu ya kwenye kioo. Maendeleo hayo. Raheli kila akiyaona husonya.

Alipokaribia pazia alisikia makelele.

"Anakuja! Anakuja huyo! Mkate kichwa!"

Kisha likatajwa jina.

Raheli akasimama palepale, tenga kichwani.

Lilikuwa jina la baba mkwe wake, marehemu. Yeye humwita Mzee wa Juu, kwa kuwa nyumba ya mzee ilikuwa juu ya mteremko, juu ya mashamba ya wote. Jina lenyewe hajawahi kulitamka, na hata hapa halitatajwa. Siku aliyoolewa, mama mkwe alimvuta jikoni akamwambia, "Mkwe hamwiti baba mkwe kwa jina. Ukimwita umemvua nguo. Umemfanya mtoto wako, na mtoto akiitwa na mama yake huitika, akaja, akatumwa. Usithubutu." Raheli alikuwa na kidato chake cha nne, akaona ni maneno ya wazee wasio na kazi. Lakini kunyamaza hakukumgharimu kitu, basi akanyamaza.

Huyo mzee hakuwa wa kukumbukwa kwa mema. Alinusa tumbaku mchana kutwa, alikohoa kama mtu anayepasua gogo, na mguu wa kushoto aliuburuta. Kabichi zake zilipaliliwa na watu ambao hakuna aliyewahi kuwaona. Wanawe hawakumpenda, walimwogopa, jambo ambalo yeye aliliita heshima. Alikufa Raheli akiwa na mimba ya Yunis. Akiwa mahututi kitandani, mzee alimshika Raheli mkono na kusema, "Huyo aliyemo tumboni ni mimi. Atachukua jina langu. Jina langu likikosa mtu, litajitafutia."

Mtoto alizaliwa wa kike. Kwa ndugu za mzee hilo halikuwa kizuizi, jina ni jina. Raheli hakungoja wakae kikao. Alimbeba kichanga wake kwenda kwa mchungaji, akabatizwa Yunis, kwisha maneno.

Sasa jina lilikuwa linapigiwa kelele nyuma ya stendi na watoto wenye makamasi.

Alitua tenga mlangoni, akafunua pazia.

Harufu ilimpokea kwanza. Si harufu ya jasho la watoto. Ni tumbaku ya kunusa... mbichi, yenye magadi. Akaangalia huku na huku. Hapakuwa na mzee yeyote mle ndani.

"Shikamoo, mama Yunis!" watoto waliamkia bila kugeuka.

"Marahaba. Zabron, toka hapa nje."

"Ah, shemeji! Karibu, karibu uone mwanao anavyowanyoosha." Zabron aliketi juu ya debe lililopinduliwa, kofia upande, kama mkurugenzi. "Yunis yuko mwishoni kabisa. Hakuna mwingine aliyewahi kufika."

Yunis alikuwa kwenye benchi la mbele, padi ya kuchezea mikononi, kioo kinammulika uso. Hakugeuka. Kwenye kioo kijana mwenye upanga alisimama mbele ya jitu la pembe na joho jeusi. Chini yake yalipita maandishi ya Kijapani, kama alama za miguu ya kuku kwenye tope.

"Nani kaliita hilo dubwana jina la marehemu?" Raheli alinong'ona.

Zabron akacheka. "Kaseti yenyewe ya Kijapani, shemeji. Nani atasoma? Watoto wakaniuliza, huyu adui mkuu anaitwaje? Jitu bila jina halina ladha, utampigaje? Nikafikiri. Unajua wanaotengeneza gemu wanayatoa wapi majina ya maadui?"

"Sijui, na sikuuliza."

"Wanachukua jina la shetani wa kwenye vitabu, au la mfalme dhalimu wa zamani, au mungu wa watu walioshindwa vita. Wanaligeuza kidogo. Hakuna jina la adui linalotoka hewani. Lazima kuna mahali watu walishalitetemekea. Mimi huko kwa wafalme nitaenda kufanya nini? Nimechukua la shetani ninayemfahamu."

"Baba yako mzazi."

"Si alinipiga kwa mpini wa jembe? Acha naye apigwe." Akageukia watoto. "Haya, tumwite! Kwa nguvu!"

Wakamwita. Wote pamoja, kwa shangwe, jina lile zima la ukoo, ambalo kwa tambiko wazee huliita taratibu, pombe ikimwagwa chini, na wakimaliza humwaga maji ili mwenyewe arudi alikotoka. Humu hapakumwagwa kitu. Walimwita tu. Kumbe walikuwa wakimwita hivyo kila siku tangu mvua za vuli.

Na Yunis, macho kwenye kioo, akaitika.

"Naam."

Si "abee", kama mtoto wa kike alivyofundishwa. Naam. Nzito. Kavu.

Watoto wakacheka. Hawakuwa wamemwona mzee akiwa hai. Raheli alimwona, na sauti hiyo aliijua.

"Tangu lini anaitika hivyo?"

"Ni utani wake," Zabron alisema. Lakini alikuwa ameacha kucheka. "Wiki hizi... ni utani wake tu."

"Na wewe ukakaa ukitazama. Mjinga wewe."

Yunis akakohoa. Kikohozi cha gogo linalopasuka.

Umeme ukakatika.

Hilo halikuwa la ajabu, umeme wa Lushoto ulikatika kila ulipojisikia. La ajabu ni kwamba watoto hawakupiga yowe kama kawaida yao. Mwanga hafifu wa jioni ulipenya pembeni mwa pazia, na Raheli aliona benchi la mbele likizama upande mmoja, taratibu, kama mtu mzito anapokaa.

Kando ya Yunis.

Mmoja akatoka mbio. Kisha wote. Pazia lilikatika kamba, viatu vikaachwa. Zabron alikuwa wa kwanza miongoni mwa watu wazima kukimbia, na hakukuwa na mtu mzima mwingine wa kukimbia. Raheli alisikia debe likibingirika na nyayo zake zikipotelea upande wa stendi. Mwanamume wa ukoo huyo.

"Yunis. Inuka twende."

Mtoto hakuinuka. Kichwa kiligeuka polepole.

"Mkwe," ilisema sauti kutoka kinywani mwa Yunis. "Ulininyima."

Harufu ya tumbaku ikazidi.

"Ulininyima, nikakaa nje. Baridi. Hawa wameniita, nimekuja. Nakaa hapa sasa."

Raheli alimshika mwanawe mkono. Ulikuwa baridi, na vidole vyake vilikunjamana kama vya mzee, kucha zikimkwaruza. Akavuta. Ilikuwa kama kuvuta kisiki. Alijaribu sala ya kwao kanisani, maneno yakamchanganyikia, akaacha. Mganga alikuwa mbali, mchungaji mbali zaidi, mume yuko Bulwa kwenye kiwanda cha chai. Alikuwapo yeye, mafuta ya taa na mapeasi.

Alichohisi wakati ule, zaidi ya hofu, kilikuwa ni hasira ya mtu aliyechoka. Huyu mzee alikula kwa watu maisha yake yote. Alipikiwa, akafuliwa, akabebewa. Na sasa, amekufa, anataka kubebwa tena. Na mtoto.

Ndipo akamkumbuka mama mkwe jikoni. Umemvua nguo. Umemfanya mtoto wako.

Raheli akanyoosha mgongo. Akafungua kinywa, akamwita baba mkwe wake kwa jina. Jina tupu, bila mzee, bila baba. Alimwita kwa sauti ileile anayomwitia Yunis akichelewa kisimani.

Kinywa cha Yunis kilibaki wazi. Benchi likalia... kisha likainuka upande uliokuwa umezama.

Akamwita tena, kwa ukali.

"Naam," ilijibu sauti.

Haikutoka kwa mtoto. Ilitoka nyuma yake Raheli, mlangoni, chini chini. Ilikuwa na aibu ndani yake. Mkono wa Yunis ukalegea, ukapata joto.

"Mama," mtoto alisema kwa sauti yake, "nina njaa."

Raheli hakugeuka nyuma. Alijua kwamba sasa lazima aseme kitu. Ukimwita mtu akaitika halafu ukanyamaza, atakuuliza anachotakiwa, na yeye hakutaka kuulizwa na huyo.

"Kuna tenga hapo mlangoni," alisema. "Beba upeleke nyumbani."

Tenga likalia, kama linavyolia likiinuliwa.

Walipanda mteremko katikati ya miti ya migrivilia, mama mbele, ameshika mkono wa mwanawe na dumu la mafuta. Nyuma yao hatua moja ilikanyaga na nyingine ikaburutwa. Inakanyaga... inaburutwa. Yunis alitaka kutazama.

"Tazama mbele."

"Nani anatubebea, mama?"

"Kibarua."

Walipofika, tenga lilitua barazani bila kishindo. Mapeasi yote yalikuwamo, mazima, baridi kama yametolewa mtoni. Nje, karibu kabisa na mlango, sauti ikasema, "Nimefika."

"Kuna kuni hazijapasuliwa," Raheli alijibu, akafunga mlango kwa komeo.

Asubuhi kuni zilikuwa zimepasuliwa na kupangwa.

Zabron alikuja baada ya siku kadhaa, macho mekundu, akiomba maji ya kunywa. Alisema amefungua tena banda, ila jitu la mwisho sasa watoto wanaliita Bosi tu.

"Bosi ni nani?" Raheli alimuuliza.

"Si mtu yeyote, shemeji. Nakuapia."

"Ungeanza na hilo."

Zabron akazungusha macho uani. Akaona matuta mapya, mfereji uliozibuliwa, kuni zilizofika kwenye mapaa. "Kaka amekuja?"

"Hajaja."

"Sasa nani anafanya—" Akanusa hewa. Akaweka kikombe chini, na hakuaga.

Majirani walimsifu Raheli. Esta wa nyumba ya chini alisema hajaona mwanamke mchapakazi kama mama Yunis, na mume yuko mbali. Raheli aliitikia asante. Hakumwambia kwamba kila magharibi, vyombo vikiwa vinaoshwa, tumbaku inanukia kizingitini na sauti inasema, "Mkwe. Nimemaliza." Wala kwamba yeye hutoa kazi haraka, kwa sababu jioni moja aliduwaa, akifikiri, na ndani ya kuduwaa huko Yunis aliinua kichwa kutoka kwenye daftari la hesabu, akakohoa kidogo.

Kidogo tu. Kisha Raheli akapayuka, "Kafyeke kule bondeni!" na mtoto akarudi kwenye hesabu zake.

Bonde likafyekwa. Zizi likasimama. Mawe yote ya shambani yakajengewa ukuta. Mlima nao una mwisho wake, na shamba la Raheli halikuwa kubwa.

Ikafika jioni akakaa barazani akitazama uani. Hakuna kuni ya kupasua. Hakuna tuta la kuinua. Pipa limejaa maji hadi mdomoni, limetulia. Ukungu ulikuwa unateremka. Ndani, Yunis alikuwa akiimba, akichambua mchicha.

Harufu ikaja.

"Mkwe," sauti ilinong'ona. Haikuwa na aibu tena. Ilikuwa na subira. "Kazi imekwisha."

Ndani, wimbo ukakatika katikati.

Raheli akasimama, mgongo ukimuuma, akaliendea pipa. Akaliegemeza bega, akalisukuma. Maji yote yakamwagika, yakashuka njiani kuelekea kwa Esta, yakiacha tope.

"Pipa halina maji," alisema. "Kajaze."

Alihisi anatazamwa. Alihisi chuki, nzito, ya mtu mzima aliyetumwa kisimani mbele ya watu. Naye akaitazama chuki hiyo kama anavyotazama vyombo vichafu.

"Hujasikia?"

Mpini wa ndoo ukalia. Inakanyaga... inaburutwa. Ikashuka kisimani. Ndani, Yunis akaendelea kuimba pale alipoachia.

Sasa ndivyo wanavyoishi. Kila magharibi pipa linamwagwa, kila asubuhi limejaa, na Esta analalamikia tope mlangoni kwake. Raheli amemtumia salamu mumewe kwamba akija aje na ndoo, za bati, ngumu, si moja, kwani bila ndoo hakuna kazi ya kutoa. Ile iliyopo imeanza kuliwa na kutu chini, na jana alipoinyanyua kuielekeza kwenye mwanga, aliona tundu. Dogo, kama la sindano.