Masanduku Matatu ya Irakoze

Stendi ya Kasulu siku ya gulio ina kelele za kutosha, lakini Irakoze alizishinda zote. Alikuwa ndani ya gauni la kitenge cha njano, simu kainyanyua juu, anaigombeza kama mtoto mtundu.

“Dada, hata ukiipiga makofi haitaleta mtandao.”

Akageuka. Kijana mrefu, shati jeupe limenyooka kwa pasi, viatu vyekundu kwa vumbi. Ni Makarius, fundi wa kompyuta wa chama cha wafuga nyuki pale mjini.

“Na wewe ni nani, mnara?”

“Naweza kuwa. Unatafuta nini?”

“Barua pepe zangu! Nina akaunti tatu: ya duka langu la asali Kibondo, ya chuo nilichosoma, na yangu binafsi. Nikifungua hii, ile inanitoa.”

“Ofisini tuna seva ya Linux. Inazipitia akaunti zote yenyewe, inachukua barua, inaziweka kwenye sanduku moja. Wewe kazi yako ni kusoma tu.”

“Kaka, unanifundisha au unanitongoza?”

“Vyote.”

Irakoze alicheka nusura basi la Kibondo limwache. Namba alikuwa ameshatoa.

Simu zikaanza jioni ileile. “Umekula, mukunzi wanje, mpenzi wangu?” “Nashibaje na wewe uko mbali?” Mambo ya kipuuzi, matamu, bando likiisha wananunua jingine. Nawapenda wapenzi wasio na haya.

Doa lilikuwa moja. Irakoze alikuwa ameomba ufadhili wa kusomea usindikaji wa vyakula Dodoma, miaka miwili.

“Ukienda huko utanisahau,” Makarius alisema, nusu utani.

“Nikipata naenda. Nakwambia mapema.”

“Ego, ndiyo, mama. Nimesikia.”

Hata hivyo Makarius alimwomba nywila zake, amtengenezee lile sanduku moja. Irakoze alimpa zote tatu. Alimwamini.

Ijumaa mchana, akiwa dukani, Irakoze alifungua simu kutafuta majibu ya Dodoma. Akaunti ya kwanza tupu. Ya pili tupu. Ya tatu tupu, hata barua za mwaka jana hazimo! Akampigia Makarius; hapatikani.

“Ameona nimepata, akafuta,” alisema peke yake, machozi yakimtoka kwa hasira. Akaizuia namba yake kila mahali.

Kumbe maskini Makarius alikuwa msibani Heru Juu, simu imeisha chaji. Aliporudi kazini Jumatatu asubuhi na kuona amezuiwa, aliazima simu ya mwenzake.

“Mwizi wewe!” Irakoze alifoka. “Barua zangu zote umefuta!” Simu ikakatwa.

Makarius akashika kichwa. Akaunti za chama hujaa haraka, kwa hiyo seva yao ikishachukua barua huifuta kule ilikotoka. Alikuwa amenakili maagizo yaleyale kwa ajili ya Irakoze, akasahau kuiamuru iache nakala. Akafungua sanduku jipya, ambalo hakuwa bado amempa Irakoze njia ya kulifungua. Barua zote zilikuwemo, na ya juu kabisa ilitoka Dodoma: Irakoze amepata ufadhili, athibitishe kabla ya saa kumi leo.

Angenyamaza, saa kumi ingepita na Irakoze angebaki Kibondo. Angemtumia barua hiyo, Irakoze asingefungua kitu chenye jina la Makarius. Akabeba kompyuta, akakimbilia basi la Kibondo.

“Toka dukani kwangu!”

“Utanitukana baadaye. Barua zako zote zipo, seva ilizihamisha kwa kosa langu. Soma kwanza, mpenzi, muda unakwisha!”

Irakoze akasoma, mkono mdomoni. Akaandika jibu, akatuma. Kisha akamtazama.

“Ungenyamaza nisingejua.”

“Ego. Nilifikiria hivyo ndani ya basi mpaka tukafika Makere. Sikudanganyi.”

“Na baada ya Makere?”

“Nikaona nitakuwa naishi na mtu niliyemfungia mlango. Siwezi, Irakoze. Nakupenda.”

Irakoze akamrukia shingoni, akilia na kucheka.

“Nisamehe kwa kukuita mwizi. Miaka miwili utaningoja?”

“Nitakuja Dodoma mpaka makondakta wanizoee.”

“Basi waambie wazee wako walete barua ya posa kwa baba kabla sijaondoka.”

Makarius alipiga kelele mpaka majirani wakatoka madukani kuona nani kaumia.

“Naolewa!” Irakoze akawapigia vigelegele. “Na shule naenda!”