WEMBE WENYE MAJI KWENYE NYUMBA YA MATANGA

"Mwanaume gani ananyoa humu ndani?!"

Wifi yangu Argyro alisimama mlangoni mwa jiko. Mkono juu. Wembe unadondosha maji sakafuni...

Jamani! Ulikuwa wembe WANGU.

Nikajua ndoa yangu iko hatarini. Ngoja niwaelezeni kwa nini, maana kuna watu hapa watasema, "Wembe tu ndio uvunje ndoa?" Ndugu zangu, huku kisiwani Krete unavunja.

Kesho yake ilikuwa arobaini ya baba mkwe wangu, mzee Sifis. Na huku msiba ukiingia nyumbani, wanaume hawagusi wembe mpaka arobaini ipite. Mume wangu Manousos alikuwa amefuga ndevu mpaka watoto wa jirani wakawa wanamwamkia wakidhani ni padri, maana huku mapadri hufuga ndevu. Baba mdogo Vardis naye ndevu zake nyeupe pe zilikuwa zimeshafunika mdomo, akinywa raki, pombe yetu kali, unabaki kujiuliza imeingilia wapi.

Kwa kifupi, nyumba nzima hakuna anayenyoa.

Sasa wembe wenye maji na povu unafanya nini bafuni?

"Nauliza mara ya mwisho," Argyro akasema. "Wa nani huu?"

Akatutazama mmoja mmoja.

Alikuwa ndiyo kwanza amefika kutoka mjini Iraklio na mfuko wa lozi za kuweka kwenye ngano ya marehemu, ile inayochemshwa na kugawiwa kanisani siku ya arobaini. Alipiga honi uani, akapitiliza bafuni kunawa mikono, akatoka na mkosi wangu.

"Kaka! Ulirudi lini kutoka mlimani?"

"Asubuhi hii," Manousos akajibu taratibu. Alikuwa huko na kondoo tangu juzi.

"Umesikia? Asubuhi hii! Na kitu kibichi hivi! Wewe uko mlimani na kondoo, mwenzio anafuga beberu ndani ya nyumba!"

"Argyro, chunga mdomo wako!" nikasema.

"Nichunge nini? Siku za mwizi arobaini, wifi! Na kesho ndiyo arobaini yenyewe!"

Baba mdogo Vardis alitaka kucheka, akajikohoza.

Mimi nikamtazama mume wangu, nikingoja aseme hata neno moja. Aseme, "Mke wangu namjua." Hakusema. Alikuwa anautazama ule wembe kana kwamba utamjibu.

Iliniuma hiyo. Sitawaficha, iliniuma kuliko matusi ya wifi.

Mama mkwe wangu, mama Anthousa, yeye alikuwa kwenye kona yake anapukuchua komamanga, kitambaa cheusi kimefungwa mpaka karibu na pua. Tangu tumzike mzee hakuwahi kukishusha. Alikuwa hata ametangaza kwamba kesho kanisani haendi. Mke haendi kwenye arobaini ya mumewe! Tukasema ni majonzi, tukamwacha. Hata sasa hakuinua macho.

Sasa niwaambie siri yangu, na mwenye kucheka acheke sasa hivi amalize.

Mimi nina ndevu.

Ndiyo. Mimi Garifalia, Lia kwa wa nyumbani, mke wa mtu, nina ndevu kidevuni tangu nikiwa msichana kule kwetu Volos, upande wa bara. Daktari alisema ni homoni. Shangazi yangu alisema ni jicho la watu. Mimi nasema ni ndevu.

Nimejaribu kila kitu. Nta ilinibandua ngozi. Viwembe vya plastiki vya kutupa viliniachia vipele mpaka nikawa navaa skafu Julai! Halafu nikanunua mashine moja ya kung'aa, imeandikwa "kwa wanaume wa kweli." Ilinikata sehemu ambazo hazina hata nywele. Baada ya muda rangi yake ikaanza kubanduka na kutu ikaingia. Wanaume wa kweli, poleni sana.

Ndipo nikajiunga na jukwaa la mtandaoni la wanaume wanaopenda kunyoa. Nikajiita Lefteris, jina la kiume.

"Wandugu," nikaandika, "ngozi yangu nyepesi, naumia. Nichukue upi?"

Wakanicheka.

"Lefteris, kwanza kuwa mwanaume!"

"Lefteris, wembe mpole ni wa watoto!"

Lakini mmoja wao alinijibu vizuri. Akasema chukua ule ambao makali yake yanachungulia tu, yasitoe kichwa nje. Mwanya kati ya makali na ukingo unaolinda ngozi uwe mdogo. Uwe chuma kitupu kisichoshika kutu, siyo kitu cha kupakwa rangi. Na uwe mzito, ili uzito wake ufanye kazi na mkono wako usisukume.

Wengine wakamwambia anampotosha Lefteris.

Wembe wa namna hiyo nikaushika kwa mara ya kwanza dukani, mjini Rethimno. Muuzaji akanitazama, akasema, "Zawadi ya bwana? Basi mpelekee huu mkali, huu mwingine ni wa waoga."

"Nipe wa waoga," nikamwambia. "Funga."

Nimeutumia miaka mitatu. Naamka kabla ya mume wangu, nanyoa, nausuuza, nauKAUSHA, nauficha ndani ya soksi nyuma ya mataulo. Uso wangu haujawahi kutoka tone la damu.

Kwa hiyo sasa mnaelewa kilichonitisha? Siyo tu kwamba siri yangu iko mkononi mwa Argyro. Siku ile niliamka mapema kuchemsha ngano...

SIKUWA NIMENYOA!

Nani kaulowesha wembe wangu?

"Lia." Ilikuwa sauti ya Manousos, ya chini kabisa. "Ni wa nani?"

Nikaona njia mbili. Ninyamaze, ndevu zangu zibaki siri, na mume aniache kwa ajili ya mwanaume ambaye hayupo. Au niseme, na nisijue kama atanitazama tena.

Nikasimama.

"Ni wangu."

Argyro akacheka mpaka akashika mlango. "Wako! Wa kunyoa nini, wifi? Ngano?"

"Ndevu zangu."

"Ndevu zako!" Akausogeza wembe kwenye mwanga wa dirisha. "Haya njooni nyote mwone. Nywele za wifi ni nyeusi tii, siyo? Sasa hizi zilizonasa hapa ni nini?"

Tukainama.

Zilikuwa mvi. Nyeupe, fupi, ngumu.

"Kibabu!" Argyro akapiga kelele. "Mungu wangu, tena kibabu! Hata hujui kuchagua! Kaka, kesho tukitoka kanisani huyu apande meli arudi kwao!"

Macho yote yakamgeukia baba mdogo Vardis.

Akazishika ndevu zake kwa mikono miwili. "Msinitazame mimi! Zangu zote zipo, hesabuni!"

Hapo ndipo damu yangu ilichemka. Nimevumilia maneno ya "mtu wa bara" miaka mitatu. Nimeosha maiti ya mzee wao kwa mikono hii. Leo nihukumiwe kwa mvi!

Nikamwendea mume wangu. Nikauchukua mkono wake, nikauweka kidevuni mwangu. Mbele ya wote.

"Gusa."

"Lia..."

"Gusa, Manousos! Papasa vizuri!"

Akapapasa. Vidole vikakwaruzwa na vinyweleo vya tangu jana.

"Hizo ndizo nanyoa," nikasema. "Miaka mitatu. Wembe ni wangu, nimeuchagua mwenyewe, na wala sioni haya. Hizo mvi sijui za nani. Haki ya Mungu sijui. Ukitaka kuniacha, niache kwa ndevu zangu, usiniache kwa mwanaume wa kubuni wa dada yako!"

Hata sufuria liliacha kutokota, au mimi ndiye niliyeacha kusikia.

Manousos akanitazama. Akazipapasa tena, pole pole. Halafu akagusa za kwake.

"Kwa hiyo arobaini ikiisha," akasema, "nina mtu wa kuniazima wembe?"

Nikataka kucheka, nikataka kumpiga. Ule ukimya wake wa mwanzo tuliuongelea baadaye chumbani, na mwongeaji nilikuwa mimi.

Lakini Argyro hakuwa amemaliza.

"Sawa, wifi ana ndevu. Hongera! Na mvi je? Mvi zimeota zenyewe kwenye wembe?"

"Ni zangu."

Sauti ilitoka kwenye kona.

Tukageuka. Mama Anthousa alikuwa ameliweka komamanga chini. Akapeleka mikono nyuma ya shingo, akafungua fundo la kitambaa. Kikaanguka mapajani.

Nyie!

Nusu ya kidevu chake ilikuwa imenyolewa safi. Nusu nyingine ina ndevu nyeupe, ndefu kama za arobaini kamili. Na kati yake makovu mapya, mistari mistari.

"Mama!" Argyro akaziba mdomo.

"Nilikuwa katikati," mama akasema. "Nikasikia honi yako uani. Nikakimbia, nikausahau."

"Na hayo makovu?"

"Wembe wa baba yenu. Ule wake mkali. Nilijaribu mwenyewe alipotutoka. Umeninyanyasa." Akakikunja kitambaa mapajani. "Kila Jumamosi Sifis ndiye alikuwa akininyoa. Mkono wake ndio uliojua kuutuliza wembe ule. Mlikuwa mnadhani tunafunga mlango tunasali?"

Manousos akavuta kiti akakaa.

"Sasa nani angeninyoa?" mama akaendelea. "Padri? Niende kanisani na uso huu, watu waje kunibusu mashavu kunipa pole? Nilipokuwa napanga mataulo nikaukuta huu. Nikaugusisha tu. Haukunikata, mwanangu. Haukunikata hata kidogo."

Akaanza kulia.

Mtanisamehe, mimi sikumkumbatia hapo hapo. Mimi siyo malaika.

"Mama," nikamwambia, "ulikuwa umekaa hapo. Umesikia naitwa malaya. Umesikia napandishwa meli. Ungeniacha niende?"

"Aibu ilinishika ulimi."

"Na mimi nilikuwa na aibu hiyo hiyo, mama. Na nimesema."

Akainamisha kichwa. "Umesema, mwanangu. Ndiyo maana na mimi nimesema. Nisamehe."

Nikaunyoosha mkono kwa Argyro. "Lete wembe wangu."

Akanipa, ameushika kwa ncha za vidole.

Nikatoa kiti mpaka uani, penye jua. Nikachemsha maji, nikaleta sabuni na taulo safi.

"Funga basi lango," mama akanong'ona. "Majirani wanapita."

"Lango litabaki wazi."

"Lia, mwanangu..."

"Wapite! Wakitaka na wao wapange foleni!"

Nikamnyoa mama mkwe wangu mchana kweupe. Sikusukuma, niliuacha uzito wa chuma uteremke wenyewe, kwa mkono mwepesi, kufuata zinakolala nywele. Nikayazunguka yale makovu. Jirani mmoja alipita na punda wake, akasimama, akafungua mdomo.

"Habari za mchana!" nikamwamkia kwa sauti.

Akaondoka haraka kuliko punda.

Nilipomaliza, mama akapitisha kiganja usoni. "Hivi ndivyo alivyokuwa akininyoa Sifis," akasema, akakishika kile kitambaa akalia kilio ambacho hatukukisikia hata siku ya mazishi. Hapo ndipo nilimkumbatia.

Kesho yake alitangulia mbele kanisani, amekifunga kitambaa kisogoni, uso wazi. Watu wakambusu mashavu wakampa pole. Hakuna aliyejikwaruza.

Ndugu zangu, watu watakuuzia ukali kila mahali. Wembe mkali, mwanaume mkali, wifi mkali. Watakwambia upole ni wa waoga. Mimi nimeona ukali wa wembe wa mzee Sifis ulivyomchana mjane wake, na nimeona ukali wa maneno ulivyokaribia kunipandisha meli. Chagua kinachofanya kazi bila kukutoa damu, halafu usimwombe mtu radhi. Na anayenyamaza wakati mwenzake ananyolewa kwa maneno, ajue amemshikia kichwa.

Jina la kampuni msiniulize, silipwi kutangaza.

Aah, kuna moja nilitaka kusahau! Wiki iliyofuata simu yangu ililia. Ujumbe kutoka Iraklio.

"Wifi... ule mpole... Rethimno ni duka gani? Usimwambie mtu."

Nikamjibu: "Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Njoo Jumamosi, wifi yangu. Lango liko wazi."